Kupiga picha za anga la usiku kwa simu, hatua kwa hatua

Mtu anatoka nje, anakuta nyota zimejaa, anainua simu, anabonyeza. Anachopata ni mraba mweusi wenye chenga, labda na nukta mbili tatu zilizopindapinda. Anarudi ndani akiamini kwamba kazi hii inataka simu ya bei mbaya. Si kweli. Karibu simu yoyote ya miaka ya karibuni yenye modi ya usiku au modi ya Pro (ile inayokuachia upange kamera mwenyewe) inaweza kutoa picha ya nyota unayoweza kumwonyesha mtu bila aibu, mradi uipe vitu viwili: utulivu na giza. Vyote viwili havimo ndani ya simu, ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujagusa kitufe.

Sababu yenyewe ni hii. Kihisi cha kamera ya simu, kile kibamba kinachopokea mwanga, ni kidogo sana, na mwanga wa nyota nao ni haba. Kikombe kidogo kikiachwa kwenye manyunyu hujaa pia, ila kinataka muda na kisiguswe. Mchana kamera hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Usiku tunaitaka ikae wazi sekunde 10, 15, hata 30, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kwa muda wote huo.

Chagua usiku wako

Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi hufuta nyota ndogo zote na anga hutoka la kijivu. Kama unazitaka nyota, lenga siku chache kabla na baada ya Mwezi kuandama. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, kwa hiyo nafasi hurudi kila mara. Ukishindwa kungoja, fuata ratiba ya Mwezi wenyewe: ule wa robo ya kwanza hutua karibu saa sita usiku, ukakuachia nusu ya pili ya usiku, ule wa robo ya mwisho huchomoza karibu saa sita usiku, kwa hiyo piga mapema. Kwa wastani Mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50 kila siku.

Usianze mara tu jua linapozama. Giza kamili hufika jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Karibu na ikweta hilo huchukua kama saa moja na robo. Ukienda mbali kaskazini au kusini muda huo hurefuka, na huko kwenye kilele cha majira ya joto huenda giza kamili lisifike usiku kucha.

Kama shabaha yako ni Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, elewa kwamba sehemu yake inayong'aa zaidi iko upande wa kundinyota la Mshale, jirani na Nge. Kuanzia Machi huonekana kabla ya alfajiri, na kati ya Juni na Septemba huonekana tangu mapema usiku. Kusini mwa ikweta hupanda juu sana angani. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo inavyobaki chini karibu na upeo. Desemba hadi Machi sehemu hiyo haionekani jioni, lakini kundinyota la Jabari (Orion) liko juu, nyota ya Shira (Sirius) inawaka karibu yake, na kishada cha Kilimia (Pleiades) si mbali. Kwa anayeanza, Jabari ni mwalimu mzuri kuliko Njia Nyeupe: nyota zake ni kali, zinaonekana hata mjini, na ukikosea fokasi, yaani ukali wa picha, utajua papo hapo.

Programu kama Stellarium itakuonyesha nini kitakuwa wapi na saa ngapi. Iangalie mchana ukiwa umetulia. Kuhangaika nayo gizani ni kupoteza usiku.

Kimbia taa

Mwaka 2001 mtazama nyota wa Marekani, John Bortle, alichapisha kipimo cha giza la anga chenye ngazi 9. Ngazi ya 1 ni giza tupu la nyika. Ya 8 na ya 9 ni anga la mjini. Ramani za uchafuzi wa mwanga zilizoko mtandaoni hutumia kipimo hicho, na unaweza kutafuta mahali ulipo. Nikiulizwa kipi kinabadilisha picha zaidi, kununua simu mpya au kutoka ngazi ya 7 kwenda ya 4, nitajibu bila kusita: nenda ngazi ya 4, na simu ileile.

Fika mahali hapo mchana kwanza kama unaweza. Angalia mashimo, waya, na kama kuna mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Usiende peke yako, na mtu nyumbani ajue ulipo. Tafuta kitu cha kuweka mbele ya picha, mti au mwamba au paa, maana picha ya nyota tupu bila ardhi huchosha macho haraka. Kisha simama ukiupa mgongo mwanga wa mji ulio karibu.

Asiyeweza kutoka mjini ajibanze nyuma ya ukuta unaozuia taa za barabarani, afupishe muda wa picha, na achague vitu vinavyong'aa: Mwezi, sayari, Jabari, Nge.

Macho yako nayo yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na tochi nyeupe ya sekunde moja huyarudisha mwanzo. Tumia mwanga mwekundu, na shusha mwangaza wa skrini hadi mwisho. Skrini kali ina hila nyingine: gizani kila picha huonekana nzuri juu yake, ila kesho yake mchana unaikuta nyeusi.

Andaa simu

Futa lenzi. Naliweka la kwanza kwa sababu watu hulidharau. Fanya jaribio: gusa lenzi kwa kidole, kisha elekeza kamera kwenye taa ya mbali. Utaona mstari wa mwanga umeikata taa kutoka upande hadi upande. Futa kwa kitambaa laini, angalia tena, mstari umekwisha. Lile doa la mafuta ya kidole lingeifanyia hivyo kila nyota.

Chaji betri ijae na beba pawabenki, hasa kukiwa na baridi, kwa sababu baridi hulegeza betri. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili ujumbe usiingie na kuitetemesha katikati ya picha. Zima flashi. Kama simu yako ina RAW, iwashe, na hakikisha kuna nafasi, maana faili moja la RAW linaweza kufika megabaiti 20 au zaidi. RAW huhifadhi kila kilichopokelewa na kihisi, kabla simu haijalainisha na kubana picha. Faida yake utaiona wakati wa kuhariri.

Itulize simu

Stendi ya miguu mitatu ndiyo bora. Kukiwa na upepo usirefushe miguu yake. Ifupishe na uning'inize begi katikati. Huna stendi? Egemeza simu kwenye jiwe au kwenye mfuko mdogo wa mchanga. Kuna njia nyingine ya bure kabisa ninayoipenda: weka taima ya sekunde 10, bonyeza, kisha laza simu kifudifudi juu ya kitambaa, skrini ikiwa chini. Kamera inatazama juu moja kwa moja, hakuna kinachotikisika, na sehemu ya anga iliyo juu ya kichwa ndiyo yenye hewa nyembamba na taa chache kuliko zote.

Taima ni lazima hata ukiwa na stendi, kwa sababu kidole kikibonyeza kitufe huacha mtikisiko. Sekunde 3 zinatosha kwa stendi imara. Kwenye simu nyingi kitufe cha sauti cha earphone za waya hupiga picha pia. Nyota zikitoka kama vijidudu vilivyojikunja ilhali stendi haikuguswa, angalia mfumo wa kutuliza lenzi: simu ikiwa imetulia tuli, mfumo huo wakati mwingine husogeza lenzi bure. Uzime kama mipangilio inaruhusu.

Anza na modi ya usiku

Kwa usiku wa kwanza, iache simu ifanye kazi. Tangu iPhone 11 ya mwaka 2019, nyingi ya simu hizo zina modi ya usiku ambayo, zikihisi zimetulia kabisa, hukuruhusu kusogeza muda hadi sekunde 30. Simu za Google Pixel zilipata modi ya nyota mwaka huohuo: hupiga picha hadi 15 za sekunde 16 kila moja, jumla kama dakika 4, kisha huziunganisha zenyewe. Samsung wana programu ya Expert RAW yenye sehemu ya nyota. Modi hizi hupanga nyota upya kila picha inapoongezwa, hivyo mwendo wa anga hauharibu kitu.

Tumia kamera kuu, ile ya 1x. Usivute picha karibu (zoom). Lenzi pana zaidi na lenzi ya kuvuta, kwenye simu nyingi, zina kihisi kidogo zaidi na mlango mwembamba wa mwanga, kwa hiyo hutoa chenga tupu usiku.

Kisha shika usukani: modi ya Pro

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Kama kamera ya simu yako haina modi ya Pro, programu ya Lightroom ya simu ina kamera yenye vidhibiti hivyo kwenye simu nyingi. Mambo ni manne: muda, ISO, rangi na fokasi.

Muda una mpaka wake, kwa sababu Dunia inazunguka. Anga huonekana kusogea nyuzi 15 kwa saa, maana yake ndani ya dakika 2 nyota iliyo mbali na ncha za anga husogea kiasi cha upana wa Mwezi mpevu. Ukiacha kamera wazi kupita kiasi, nukta zinakuwa vistari. Ili kupata sekunde za mwisho, wapiga picha hugawanya 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ule unaotajwa kwa milimita. Kamera kuu ya simu huwa sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26 ya kamera kubwa, kwa hiyo jibu ni kama sekunde 20. Mimi huona hesabu hiyo ni ya ukarimu mno; gawanya 300 badala yake upate sekunde 12 hivi, na nyota zitabaki nukta hata ukiikuza picha.

ISO ni kiasi ambacho simu inakuza mwanga iliopokea. Ukiipandisha, nyota hupanda na chenga nazo hupanda. Gizani anza na 1600. Mjini anza na 400 na ushushe muda hadi sekunde 4.

Rangi usiiache kwenye otomatiki, maana kila picha itatoka na rangi yake. Iweke kati ya 3500 na 4500 kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Ikiwa chini zaidi anga huwa la samawati la bandia. Ikiwa juu zaidi mwanga wa mji huwa wa machungwa.

Tuseme uko mahali penye giza. Picha ya kwanza: ISO 1600, sekunde 12. Itazame kwa kuikuza, usiridhike na kuiona nzima. Kama anga ni jeusi kabisa na nyota ni chache, panda hadi ISO 3200 kabla ya kugusa muda. Kama anga limekuwa la kijivu au la njano, huo ni mwanga wa mji au mbalamwezi: shusha ISO hadi 800. Kama nyota zilizo pembeni zimekuwa vistari vyote vikielekea upande mmoja, muda ni mrefu. Kama vistari vina kona na mikunjo, simu ilitikisika. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, vinginevyo hutajua kipi kilisaidia.

Fokasi ya mkono

Fokasi ya otomatiki huchanganyikiwa gizani. Inakwenda mbele na nyuma ikitafuta cha kushika, mwisho inashika hewa. Iweke kwenye fokasi ya mkono, inayoonyeshwa na herufi MF, na usogeze kitelezi kuelekea alama ya mlima, yaani mbali kabisa. Lakini usikiamini sana. Kwenye simu nyingi mwisho wa kitelezi umepita kidogo mahali panapotakiwa.

Tafuta nyota kali kuliko zote, Shira au Suheli (Canopus), au sayari kama Zuhura na Mshtarii, au hata taa iliyo mbali sana. Ikuze kwenye skrini. Utaona duara hafifu, pana. Rudisha kitelezi polepole: duara linapungua, linakazana, linakuwa nukta ndogo yenye ukali. Endelea kidogo na litaanza kutanuka tena. Rudi ulipotoka, simama pale nukta ilipokuwa ndogo kuliko zote, na usikiguse tena usiku huo. Kwa simu nyingi mahali hapo hapabadiliki, kwa hiyo pakumbuke.

Mwezi na sayari hufuata sheria nyingine

Mwezi unamulikwa na jua, kwa hiyo kuupiga ni kama kupiga jiwe lililo juani mchana. Modi ya usiku inauchoma hadi unakuwa taa nyeupe isiyo na uso. Hapa ndipo lenzi ya kuvuta inapofaa. Weka ISO 50 au 100, muda sehemu 1 ya 250 ya sekunde, kisha endelea kufupisha muda hadi mabaka meusi yaonekane. Epuka Mwezi mpevu. Siku za robo, mwanga huanguka kwa ubavu na mashimo hutoa vivuli kwenye mpaka wa nuru na giza. Baadhi ya simu huutambua Mwezi na kuongeza undani ambao lenzi haikuuona. Ukitaka kujua ulichokipata kwa kweli, piga RAW.

Mwenye darubini anaweza kubandika lenzi ya simu kwenye tundu la kuchungulia. Kishikizo cha simu husaidia sana, kwani kulenga kwa mkono ni mateso. Kwa njia hiyo miezi minne mikubwa ya Mshtarii huonekana kama nukta zilizojipanga. Usielekeze darubini kwenye jua hata kidogo: ni kupofuka na kuunguza kamera.

Rundika picha nyingi

Hii ndiyo hatua inayoitofautisha picha ya kubahatisha na picha ya kazi. Chenga hubadilika kila picha, nyota hubaki zilezile. Ukipiga picha 16 zenye mipangilio ileile na kuziunganisha kwa wastani, chenga hushuka hadi robo. Ukipiga 4 hushuka hadi nusu. Piga 20 au 30 mfululizo bila kugusa stendi. Mwishoni funika lenzi kwa kitambaa cheusi na upige tano zaidi kwa mipangilio hiyohiyo: hizo nyeusi huiambia programu ni nukta zipi ni kasoro za kihisi, ili ziondolewe. Kwenye kompyuta, Sequator na DeepSkyStacker hufanya kazi hii bure.

Picha hizohizo zikiunganishwa kwa kuchukua penye mwanga zaidi badala ya wastani, kwa mfano kwa programu ya StarStaX, hutoa mistari ya nyota inayozunguka ncha ya anga. Hapo utahitaji saa nzima ya picha zisizo na mapengo. Njia hii ya kupiga mfululizo ndiyo pia ya kunasa vimondo, hasa karibu na Agosti 12 na 13 kwa walio kaskazini, na Desemba 13 na 14 karibu kila mahali. Elekeza simu, iache ipige, wewe tazama angani kwa macho.

Kila baada ya dakika kumi hivi kagua lenzi kwa ajili ya umande. Nyota zikianza kuwa na ukungu wa duara, ndio huo.

Kuhariri bila kuua anga

Fungua faili la RAW kwenye Snapseed au Lightroom. Pandisha mwangaza kidogo, ongeza tofauti ya nuru na kivuli, shusha vivuli hadi anga liwe jeusi lenye buluu ya mbali, kisha rekebisha rangi. Kifuta chenga kitumie kwa mkono mwepesi: kikizidi, hakijui tofauti ya chenga na nyota ndogo, na anga linabaki kama plastiki. Ukolezaji wa rangi nao usizidi. Njia Nyeupe ya zambarau iliyokolea haipo angani.

Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama hati badala ya picha. Ikienda kama picha hubanwa, na nyota ndogo ulizozikeshea huwa za kwanza kupotea.